Kimio, Mafindofindo na Kisu: Habari za Maradhi ya Koo katika Nchi ya Arusha na Meru

Kiswahili kina majina mengi kwa kile kinyama kidogo kining'iniacho nyuma ya kinywa. Wengine hukiita kimio, wengine kilimi, yaani ulimi mdogo, na wengine kidakatonge, kwa kuwa chaonekana kama bawabu asimamaye mlangoni pa koo alidake tonge lipitalo. Warumi walikiita zabibu ndogo, na jina hilo la Kirumi ndilo walitumialo waganga wa Kizungu hata leo. Kando yake, kuume na kushoto, zimo tezi mbili ziitwazo mafindo. Zikivimba, ugonjwa wake ni mafindofindo. Mjini Arusha siku hizi vijana husema tonsi au tonsesi. Tumeanza na majina kwa sababu katika kazi yetu ya kufundisha tumeona mara nyingi mzazi na mganga wakizungumza habari ya koo la mtoto mmoja, na kila mmoja akifikiri kiungo chake. Mzazi asema kimeo, mganga asikia tonsi, na mtoto yu kati yao na homa yake.

Tulitazame neno hili kimio. Li wazi kuwa ni ndugu wa umio, njia ya chakula iendayo tumboni. Walakini watu wengi, hasa wa bara, hutamka na kuandika kimeo. Ni herufi moja tu iliyobadilika, lakini twadhani imebeba jambo kubwa, kwa maana sikio la Mswahili lisikiapo kimeo hukumbuka kumea. Hapo kiungo ambacho Mungu amempa kila mtu tangu tumboni mwa mamaye hugeuka kuwa kitu kilichochipua kooni kama magugu shambani, na magugu hung'olewa. Hatusemi kwamba watu walianza kukata kwa sababu ya herufi. Desturi yenyewe ni ya kale kuliko tahajia yetu. Ila tumewasikia akina mama wakisema, "Mtoto ameota kimeo," na hatujamsikia hata mmoja akisema mtoto ameota pua. Tena vijana wa mjini wamelichukua neno hilo wakalitia katika mambo yao: gari lisilowaka ni kimeo, simu iliyoharibika ni kimeo, na biashara iletayo hasara ni kimeo. Kiungo cha mwili kimekuwa jina la kila kitu kisumbuacho.

Kazi yake kiungo hiki si siri. Tumezapo chakula, kimio pamoja na nyama laini ya paa la kinywa huinuka na kuziba njia ya puani, chakula kisipande juu. Huungana pia katika kutengeneza sauti za maneno. Wasomao Kiarabu wajua herufi qaf, ambayo haitamkwi vema ila kwa kugusisha shina la ulimi na mahali palepale pa kimio. Na wale waliofundishwa na walimu wa Kidachi au wa Kifaransa watakumbuka ile r yao ya kukwaruza kooni. Kwa hiyo mwalimu wa lugha hana haki ya kukidharau.

Mtoto akikohoa bila kupona, akitapika maziwa, akikataa chakula au akikonda, katika nyumba nyingi za Tanzania bibi yake atamfumbua kinywa atazame, na akiona kimio kirefu atatoa hukumu. Huitwa fundi. Fundi humkalisha mtoto mapajani mwa mtu mwenye nguvu, hugandamiza ulimi, na kwa kijisu au kwa chombo kingine hukata ncha ya kimio, au chote. Kazi yote haichukui muda mrefu. Habari hii si ya masimulizi tu. Mwaka 1965 waganga wawili, Haddock na Chiduo, waliandika katika jarida la uganga la Afrika ya Kati juu ya kukatwa kwa kimio katika pwani ya Tanzania. Na mwaka 2015, nusu karne baadaye, waganga wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, waliandika tena juu ya watoto walioletwa kwao wakiwa wagonjwa sana baada ya kukatwa, na wengine hawakupona. Katika nchi ya Arusha na Meru nako neno kimeo lajulikana jikoni na sokoni, kwa Mwarusha, kwa Mmeru na kwa wageni waliohamia mjini kutoka kila mkoa.

Madhara yake ni haya: damu isiyokatika, kidonda kuoza, pepopunda, na maradhi ya damu yapitayo kwa kisu kimoja kikatacho watoto wengi. Lakini liko moja ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko hayo, nalo ni muda. Mtoto akohoaye majuma mengi huenda ana kifua kikuu, au nimonia, au amepungukiwa na chakula, au ana ugonjwa wa moyo. Akiisha kukatwa kimio, jamaa hungoja kidonda kipone, kisha hungoja dawa ya fundi ifanye kazi, na ugonjwa wenyewe haungoji.

Mbona basi watu wenye akili zao huendelea kuamini? Twaona sababu si ujinga. Kikohozi cha mafua huisha chenyewe kwa majuma mawili au matatu. Watu hawamwiti fundi siku ya kwanza. Humwita wamechoka kungoja, yaani juma la pili au la tatu. Akate au asikate, kikohozi kilikuwa njiani kuondoka, na sifa hupewa yeye aliyekuwapo. Watoto kumi wakipona hivyo, watasimuliwa kijiji kizima. Mmoja akifa, husemwa kwamba aliletwa kwa fundi amechelewa.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba desturi hii ni ya nchi zetu peke yake. Inafanywa Ethiopia, inafanywa Sudani, na huko Nigeria vinyozi wa Kihausa wana ustadi nayo tangu zamani. Wala haikuwa ya wasiosoma. Celso, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika namna ya kuyatoa mafindo kwa kidole, na kwa kisu kama kidole hakitoshi. Paulo wa Aegina, mganga Myunani wa karne ya saba, aliieleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Na yapata mwaka 1000 Abu al-Qasim al-Zahrawi, Mwarabu wa Andalusi, alitia katika kitabu chake kikubwa habari za kukata mafindo na kimio, pamoja na maonyo ya kutokata kila kimio kivimbacho. Maonyo hayo twayapenda. Yaonyesha kwamba miaka elfu iliyopita mtu aliyekijua kisu vizuri alikiogopa.

Sasa na tuje mlimani kwetu. Mlima Meru wapanda zaidi ya mita 4,500, na mji wa Arusha umekaa miguuni pake penye mita 1,400 hivi. Miezi ya Juni na Julai ukungu hushuka, asubuhi huwa baridi kali, watoto huenda shule wamejikunyata, na madarasa hufungwa madirisha. Baadaye huja vumbi la kiangazi kutoka upande wa Umasaini. Nyumbani moto wa kuni huwaka ndani ya nyumba isiyo na dohani. Mahali kama hapo makoo hayakosi kuuma, na wenyeji hawakungoja mgeni awafundishe dawa. Wasemao Kimaa, yaani Wamasai na Waarusha, hutafuna gome la osokonoi, mti wenye ukali kama pilipili, kwa koo na kwa kifua; na gome la ol-kiloriti hulitia katika supu ya nyama. Ol-kiloriti una tanini nyingi, kitu kile kile kikazacho ulimi mtu anywapo chai ya rangi iliyokaa sana, nayo hukaza ngozi laini ya koo pia. Sisi hatuoni aibu kusema kwamba mzee atafunaye osokonoi kwa koo la mafua hafanyi vibaya kuliko mtu wa mjini anunuaye dawa za antibiotiki dukani kwa ugonjwa huo huo. Twadhani afanya vizuri zaidi.

Misheni ilifika hapa kwa shida. Wamisionari wawili wa kwanza wa Leipzig waliokuja kukaa Meru, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Oktoba 1896, katika siku za vita kati ya Wadachi na wenyeji. Kituo cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902, na kile cha Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904. Pamoja na shule yalikuja masanduku ya dawa. Na pamoja na dawa, kidogo kidogo, ikaja fikira mpya kwamba koo liumalo hutazamwa kwa taa na kijiko, kisha hungojwa au hutibiwa, wala si lazima likatwe. Ndugu zetu Wakatoliki nao wana desturi yao: tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Blasi, padre huweka mishumaa miwili shingoni mwa waumini akiyabariki makoo. Husimuliwa kwamba Blasi, askofu wa Sebaste katika Armenia, aliyeuawa mwanzo wa karne ya nne, alimponya kijana aliyekwamwa na mfupa wa samaki. Hata asiyeipokea hadithi hiyo atakubali kwamba hakuna koo lililopata kudhurika kwa baraka.

Tumesema fikira mpya, lakini tusije tukawapamba Wazungu kwa yale wasiyostahili. Tarehe 14 Desemba 1799 George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikufa nyumbani kwake kwa ugonjwa wa koo ulioanza siku moja tu kabla. Waganga watatu walimzunguka. Walimtoa damu mara kadhaa, jumla yake zaidi ya lita mbili. Mdogo wao, Elisha Dick, alitaka kumtoboa koo kwa chini ili apate pumzi; wakubwa wake walikataa. Wengi wa wasomi wa leo wadhani lililovimba lilikuwa kile kifuniko kidogo kikaacho juu ya njia ya pumzi, wala si mafindo. Kama ndivyo, mtu yule alikuwa akizibwa pumzi, na waliomtibu walikuwa wakimpunguzia damu.

Karne iliyofuata waganga walipata vyombo vizuri zaidi. Philip Syng Physick wa Philadelphia alitengeneza chombo cha kuyakata mafindo kwa upesi, na wengine wakakiongezea ubora. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, likazuka fundisho kwamba sumu ya maradhi mengi hukaa katika mafindo na katika meno mabovu, na kutoka humo husambaa mwilini. Frank Billings wa Chicago alikuwa mmoja wa waliolitangaza. Maumivu ya viungo? Mafindo. Figo? Mafindo. Mtoto haongezeki uzito, hasomi vizuri, ana mafua kila mara? Mafindo tena. Msomaji aliyelelewa kwetu atatambua mara moja maneno haya. Wazungu nao walikuwa wameota kimeo chao, tofauti ni kwamba fundi wao alivaa joho jeupe.

Ushahidi wake umeandikwa. Mwaka 1934 ilitolewa habari ya watoto 1,000 wa shule za New York, wa umri wa miaka kumi na mmoja. Katika hao, 611 walikuwa wamekwisha kutolewa mafindo. Waliobaki 389 walipelekwa kwa waganga wa shule, nao wakachagua 174 wakatwe. Wale 215 walioachwa walipelekwa kwa waganga wengine, ambao hawakuambiwa ya kwanza, wakachagua 99. Wakabaki 116, waganga wengine tena wakachagua 51. Mwisho wa shughuli, katika watoto elfu, ni 65 tu ambao hakuna mganga aliyetaka kuwakata. Tafadhali msomaji asome hesabu hiyo mara ya pili. Kila safari waganga walichagua karibu nusu ya watoto waliowekwa mbele yao, hata wakiwa ni wale wale waliokwisha kuhukumiwa kuwa wazima. Mtu aliyejifunza kwamba lazima wagonjwa wawepo atawaona.

Uingereza hali ilikuwa hiyo. Mwaka 1938 J. A. Glover alionyesha kwamba mji na mji jirani yake zilitofautiana sana kwa idadi ya watoto waliokatwa, bila sababu ya hewa wala ya umaskini. Hata watoto wa wenye mali ndio waliokatwa zaidi. Katika mji wa Hornsey, baada ya mganga wa shule kubadilika, idadi ya kukatwa ilishuka hata ikawa chini ya moja ya kumi ya ile ya kwanza, na watoto hawakuugua zaidi. Mafindo ya watoto wa Hornsey hayakubadilika. Aliyebadilika ni mtu mwenye kisu. Tena kazi hiyo haikuwa bila msiba. Mwaka 1941 huko Akron, Marekani, watoto watano wa nyumba moja walitolewa mafindo katika siku za ugonjwa wa kupooza. Wote watano walishikwa na polio ya namna mbaya, na watatu walikufa.

Kwa hiyo swali lililo mbele ya mzazi wa Arusha leo, aambiwapo kwamba tonsi za mwanawe zitolewe, si swali la ushamba na maarifa. Waganga wenyewe walihitaji karne nzima kulijibu. Jibu lililokubaliwa na wengi lilitoka Pittsburgh, ambako Jack Paradise na wenzake walitangaza mwaka 1984 matokeo ya kazi yao juu ya watoto walioumwa koo sana. Kipimo chao kilikuwa hiki: maumivu makali ya koo mara saba au zaidi katika mwaka mmoja; au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili; au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Na kila mara iwe na alama yake: homa kali, au tezi za shingo kuvimba, au usaha mweupe juu ya mafindo, au kipimo kuonyesha kijidudu kiitwacho streptokoki. Watoto wa namna hiyo waliotolewa mafindo waliumwa mara chache zaidi katika miaka miwili ya kwanza. Lakini wengi wa wale ambao hawakukatwa nao walipata nafuu, kwa kuwa mafindo ya mtoto hunywea kadiri akuavyo. Kwa watu wazima, uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliokatwa waliumwa koo siku 23 katika miaka miwili, na wasiokatwa siku 30, kwa hesabu ya mtu wa katikati. Faida ipo, wala si kubwa kama wengi wanavyodhani.

Ziko sababu nyingine zisizohesabiwa kwa mara. Mtoto akoromaye kila usiku, tena pumzi yake ikikatika usingizini kisha akashtuka akitweta, huenda mafindo yake yamembana njia. Huyo husaidiwa sana na kisu. Jipu likitunga kando ya findo, mgonjwa hushindwa kufumbua kinywa na sauti yake huwa kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Hilo hutumbuliwa na daktari, na likirudi mafindo hufikiriwa kutolewa. Findo moja likikua peke yake, hasa kwa mtu mzima, halina budi kuchunguzwa lisiwe ni saratani. Kazi hiyo hufanywa hospitalini, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, na damu huogopwa mara mbili: siku ile ya kwanza, na tena kati ya siku ya tano na ya kumi, ukoko wa kidonda ubandukapo. Watu wa Arusha na Meru wenye shida kubwa za koo wamezoea kupelekwa mpaka KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako wapo madaktari wa masikio, pua na koo. Kuhusu kimio chenyewe, katika yote tuliyoyataja hapa hakuna hata jambo moja lihitajilo kikatwe kwa sababu ya kikohozi.

Tumefika mahali ambapo, kwa maoni yetu, pana hatari kubwa kuliko zote, na ajabu ni kwamba kisu hakimo kabisa. Makoo mengi yaumayo huletwa na virusi, nayo hupona yenyewe kwa maji ya vuguvugu, chumvi ya kusukutua, na subira. Lakini kwa watoto, kama robo moja hivi ni kazi ya streptokoki. Koo la streptokoki huja ghafla: homa, maumivu ya kumeza, tezi chini ya taya, pengine madoa meupe kooni. Kikohozi huwa hakuna, wala makamasi. Msomaji ataona jinsi desturi yetu ilivyopinduka hapa. Mtoto akohoaye, ambaye kooni mwake kwa kawaida hamna la kutisha, ndiye aitiwaye fundi. Mtoto asiyekohoa, aliyelala kimya na homa yake akikataa uji, hupewa maji ya limau, na siku ya nne akiinuka kwenda kucheza watu husema amepona.

Huenda amepona. Lakini kwa wachache, majuma mawili matatu baadaye viungo huanza kuvimba kimoja baada ya kimoja, goti leo, kiwiko kesho, kisha moyo nao hushikwa. Ni ugonjwa wa baridi yabisi wa watoto, ambao hupenda umri wa miaka mitano hata kumi na mitano, yaani umri ule ule wa shule zetu. Maumivu ya viungo huondoka. Milango ya moyo iliyoharibika hubaki imeharibika. Tumewaona wasichana walioacha kukimbia na wenzao, wakakaa chini ya mti saa ya michezo, na mwalimu akawaandika wavivu. Baadaye, wakiwa na mimba ya kwanza, moyo ukashindwa. Waganga wa jeshi la Marekani katika kambi ya Fort Warren, Wyoming, walionyesha kati ya mwaka 1948 na 1950 kwamba askari mwenye koo la streptokoki akipewa penisilini mapema, ugonjwa huo huzuiwa karibu kabisa. Dawa ni ya bei ndogo: sindano moja ya penisilini ikaayo mwilini, au vidonge vya siku kumi, vyote vimalizwe hata kama koo halijaumi tena siku ya tatu. Aliyekwisha kushikwa na moyo huchomwa sindano hiyo kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi. Upande wa pili uko upasuaji wa milango ya moyo. Siku hizi hufanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015. Ni kazi ya fahari kwa nchi, lakini ni mbali sana na sindano moja ya zahanati.

Dondakoo twaitaja kwa ufupi, kwa kuwa vijana wetu hawaijui tena, na wazee wao wameanza kuisahau. Huweka utando wa rangi ya kijivu kooni, mtoto akafa kwa kukosa pumzi au kwa sumu iingiayo moyoni. Loeffler alikiotesha kijidudu chake mwaka 1884, na Behring akapata tuzo ya Nobel mwaka 1901 kwa dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza Tanzania mwaka 1975. Na tangu mwaka 2009 sindano ya mchanganyiko wapewayo watoto wachanga yakinga dondakoo, na pia kile kijidudu ambacho kwa watoto kilikuwa chanzo kikubwa cha kuvimba kwa kifuniko cha njia ya pumzi, ugonjwa wa namna ile idhaniwayo ilimwua Washington. Mahali watu wanapoacha kuchanja, dondakoo hurudi.

Mwalimu si mganga, wala hatumshauri aanze kutazama makoo kwa kijiko darasani. Aonapo mtoto atokwaye na mate asiyoweza kuyameza, au avutaye pumzi kwa sauti, au asiyeweza kufumbua kinywa, ampeleke hospitali siku ile ile, asingoje mzazi atoke shambani. Na amwendeapo bibi juu ya kimeo, asianze kwa kumtukana. Tumeona mara nyingi kwamba bibi aulizwaye kwa adabu, "Bibi, shikamoo, mtoto amekohoa tangu lini, na usiku hutoka jasho?" hueleza habari nzima ya kifua kikuu bila kujua, na hukubali mtoto apelekwe kupimwa, na kimio chake kikiwa kizima.

Liko jambo moja ambalo mwalimu analo, na daktari hana. Paradise wa Pittsburgh, kabla ya kazi ile tuliyoitaja, alichukua watoto 65 ambao wazazi wao walisimulia kwamba makoo yao yaliuma mara nyingi sana, lakini hapakuwa na maandishi ya kutosha. Aliwafuatia, akiandika kila mara walipougua. Katika hao, ni 11 tu walioonekana kuugua kama ilivyosimuliwa. Wazazi hawakusema uongo. Usiku mmoja wa mtoto mwenye homa hukumbukwa kama mikesha mitatu. Kitabu cha mahudhurio cha shule hakina usiku ndani yake. Kina tarehe, jina, na alama ya asiyekuja. Na mwalimu akiongeza neno "koo" kando ya alama hiyo, na "homa" kama ilikuwapo, daktari wa Moshi atakuwa na hesabu ya mwaka mzima mkononi, aihesabu mwenyewe kama ni mara saba au ni mara mbili.